Tarishi wa Vyumba Vitatu

Siku Raymundi Mahona alipoanza kazi ya utarishi katika makao makuu madogo ya jeshi pale Tabora, mwanzoni mwa mwaka 1942, hakuuliza atavaa sare gani wala atapumzika saa ngapi. Aliuliza kwa nini vita vina milango mitatu.

Nyumba yenyewe ilikuwa zamani ya mfanyabiashara fulani, nyumba ya kuta nene na madirisha madogo, si mbali na stesheni. Jeshi lilikuwa limeichukua vita vilipopamba moto. Ukiingia, ulikuta ushoroba mrefu mwembamba, giza kidogo hata mchana. Mkono wa kushoto palikuwa na milango miwili, mkono wa kulia mmoja, na mwisho kabisa mlango wa Kanali. Juu ya kila mmoja wa ile mitatu palikuwa na herufi moja ya rangi nyeupe: G, A na Q.

"Hii ya tatu," Raymundi alisema, akiinyoshea kidole ile duara yenye mkia, "mimi naijua kanisani tu. Imo kwenye sala za Kilatini. Kwa Kiswahili haina kazi."

"Hapa ina kazi," alijibu Bwana Eustace, karani mkuu, mtu wa Bukoba, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono ikasimama kama ubao. "Na kazi yako wewe si kuisoma. Ni kuipigia hodi."

Raymundi wakati huo alikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Alizaliwa Goweko, akasoma kwa mapadre mpaka darasa la sita, kisha akafanya kazi posta, akizungusha barua za mjini kwa baiskeli. Posta walimpenda kwa sababu hakupoteza barua hata moja, na walimchoka kwa sababu kila barua aliitolea swali. Kwa nini barua ya Kigoma inapita Tabora lakini ya Mwanza inakaa siku mbili? Nani aliamua kwamba mhuri ugongwe pembeni na si katikati? Mkewe, Tekla, alikuwa akisema kwamba angeolewa na mtu mwingine angekuwa amekwisha lala usingizi mrefu mara nyingi zaidi maishani mwake.

Kazi ya jeshini ilikuwa nyepesi kwa mikono na nzito kwa mtu wa namna yake. Ukutani, mwanzo wa ushoroba, paliwekwa benchi. Raymundi aliketi pale. Kengele ikilia kutoka mlango wowote, alinyanyuka, akapokea bahasha, akasoma herufi iliyoandikwa juu yake, akaipeleka kunakohusika. Nyingine zilitoka nje ya nyumba: kambini kwa daktari, bohari kwa msimamizi, stesheni kwa stesheni masta. Kufungua bahasha ilikuwa marufuku. Kuuliza kilichomo ndani ilikuwa marufuku zaidi. Alilishwa kiapo mbele ya bendera, mkono juu, na Eustace akamkumbusha kiapo hicho kila Jumatatu kama mtu anayemkumbusha mgonjwa dawa.

Lakini hakuna aliyemwapisha asihesabu nyayo zake.

Ilimchukua wiki tatu kumlainisha Eustace. Alimpelekea chai bila kuombwa. Alimsifia mwandiko. Siku moja mvua ilikuwa kubwa, kengele zimenyamaza, wote wawili wamekaa wakiangalia maji yanavyoshuka kwenye mabati, Raymundi akasema, "Bwana Eustace, sitaki siri. Nataka kujua tu. Vita ni vimoja. Kwa nini wamevikata vipande vitatu?"

Eustace alitazama kushoto na kulia. "Mchukue askari mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Kuruta, ametoka kwao leo. G anauliza: huyu aende wapi, lini, akafanye nini, na adui yuko upande gani. Mafunzo ni ya G, mipango ni ya G, habari za adui ni za G. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"A hajali anakwenda wapi. A anauliza: huyu ni nani? Jina lake, mzima au mgonjwa, ana likizo au hana, amekosa adabu, amepanda cheo, na akifa nani apelekewe habari."

"Na yule mwenye mkia?"

"Q anauliza amekula nini. Amevaa nini, amelala wapi, amepanda gari gani, na risasi zake ziko sanduku namba ngapi. Basi. Mtu mmoja, vyumba vitatu."

Raymundi aliihesabu milango mitatu kwa kidole. Kisha akasema, "Mbona asiwepo bwana mmoja anayejua yote?"

"Kaa kwenye benchi lako, Mahona," alisema Eustace, na kengele ya A ikalia ikamwokoa.

Swali hilo alikwenda nalo nyumbani. Nyumba yao ilikuwa Cheyo, vyumba viwili na ua, na uani alikuwapo bibi yake, Ng'washi, mama wa baba yake, aliyeletwa kutoka Goweko kwa sababu miguu ilikuwa imemkataa. Miguu hiyo katika ujana wake ilikuwa imekwenda Bagamoyo na kurudi mara mbili, nyuma ya msafara wa pembe, chungu kichwani na mkeka wa mumewe mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umechelewa, au umepata mke mwingine huko kwa Wazungu?"

Raymundi aliketi karibu naye, akachukua kiganja cha karanga alizokuwa akimenya. Hakusema neno juu ya bahasha wala milango, maana kiapo ni kiapo. Aliuliza tu, "Bibi, msafara wenu wa zamani, nani alikuwa mkubwa?"

"Mkubwa yupi? Mwenye mali alikuwa Mwarabu, amekaa nyuma juu ya punda, anakohoa." Alicheka. "Sisi tulikuwa na wetu. Kirangozi alitangulia na bendera. Yeye kazi yake njia: wapi pana maji, wapi pana watu wakali, leo tulale hapa au tusonge. Halafu alikuwapo mnyapara, huyo ni wa watu. Nani anaumwa, nani ametoroka, nani amempiga mwenzake. Halafu mtu wa mizigo. Huyo alihesabu mafurushi asubuhi na jioni, akagawa chakula."

"Walipatana?"

"Walipatana!" Bibi alitupa ganda la karanga. "Walikuwa wakigombana kila kunapokucha. Kirangozi anataka kukimbia, mtu wa mizigo anasema unga umebaki wa siku mbili, mnyapara anasema wangu kumi wana vidonda. Mwarabu anawasikiliza, halafu anasema neno moja."

Raymundi aliacha kutafuna.

"Mara ile ya pili," bibi aliendelea, "tulipokuwa Mgunda Mkali, pori lile lisilo na kijiji, kirangozi alisikia kwamba kisima cha mbele kimekauka. Akabadili njia. Akamwambia mnyapara, mnyapara akatupanga watu. Mtu wa mizigo alikuwa nyuma na punda aliyevunjika mguu, hakuna aliyemwambia. Sisi wenye vyungu tulikuwa naye. Tulifuata njia ya zamani mpaka jua la utosi. Siku mbili wale walikaa na njaa, na sisi tulikaa na unga bila maji ya kuupikia. Mtoto wa shoga yangu alifia pale." Aliendelea kumenya karanga zake. "Wenye vyungu husikia mwisho, mume wangu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu wako nyuma."

Tangu siku hiyo Raymundi alianza kuutazama ushoroba kwa macho mengine. Hakufungua bahasha hata moja. Alitazama zilivyokwenda. Aligundua kwamba zipo bahasha zenye mstari mwekundu pembeni, na kwamba hizo, zikitoka G, hutoka mbili kama mapacha: moja ya A, moja ya Q. Jioni yake, A humtuma kwa daktari wa kambi. Kesho yake asubuhi, Q humtuma mahali pawili, stesheni na bohari. Siku mbili tatu baadaye treni huja, au treni huondoka, na watu wamo ndani. Ilikuwa hivyo kila mara, hata akaweza kujua kabla ya mpishi wa kambi kwamba kuna ugeni. Hakumwambia mtu. Ilimpa raha tu, kama mtu aliyejifunza kusikia wimbo katika mlio wa cherehani.

Mwezi wa tatu, Jumanne moja asubuhi, kengele ya G ililia. Karani wa chumba kile, aliyezoeleka kutoa bahasha, hakuwapo, homa ilikuwa imemlaza. Afisa mwenyewe, Mzungu kijana mwenye wino kidoleni, alimkabidhi Raymundi bahasha yenye mstari mwekundu. Moja. Ya A.

Raymundi alisimama pale mlangoni.

"Nini?" aliuliza afisa.

"Hakuna, afande."

Aliipeleka. Jioni A akamtuma kwa daktari, kama kawaida. Jumatano asubuhi alisubiri kengele ya Q. Haikulia. Saa tatu ikapita. Badala yake alisikia nje ngurumo za magari, akachungulia: malori yote mawili ya Q yalikuwa yakiondoka kwenda Sikonge kuchukua mahindi, na dereva mmoja akapaza sauti kwamba kwa matope yale wasitegemewe kabla ya Ijumaa. Msimamizi wa bohari naye alikuwa kibarazani akinywa chai, miguu juu ya kreti, mtu asiye na haraka na dunia.

Hapo Raymundi alielewa. Watu wanakuja. A anajua wanakuja, daktari anajua. Mwenye unga hajui.

Alijiambia huenda amekosea. Alijiambia yeye ni tarishi, si Kanali. Akainuka, akaketi, akainuka tena. Mwisho akaenda kwenye meza ya Eustace.

"Bwana Eustace, kuna barua ya Q haikutoka."

Eustace hakuinua macho. "Barua gani?"

"Ya safari. Ilitoka ya A peke yake jana. Watu wanakuja na Q hana habari."

Sasa Eustace aliinua macho, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Umefungua faili? Mahona, umefungua faili ya jeshi wakati wa vita?"

"Sikufungua chochote. Nimehesabu miguu yangu." Akamweleza, haraka haraka, mapacha na mstari mwekundu, daktari, stesheni, bohari. Eustace alisikiliza huku akiizungusha kalamu mezani. Alikuwa na watoto sita na mama mzee Bukoba, na kila neno la Raymundi lilikuwa likimsogeza karibu na shimo asiloliona.

"Nikienda kumwambia Kapteni wa Q kwamba tarishi wangu anajua mienendo ya askari," alisema, "wewe utalala kizuizini na mimi nitalala pembeni yako."

"Na tusipokwenda?"

Eustace aliacha kuizungusha kalamu. Alivuta karatasi ndogo ya kumbukumbu, ile inayotumwa ofisi kwa ofisi, akafikiri, akaandika kwa Kiingereza, kwa ule mwandiko wake mzuri: *Karani mkuu anaomba kuthibitishiwa kama Q imepokea nakala ya barua ya G ya jana, yenye alama nyekundu.* Hapakuwa na lawama wala jina la mtu. Aliisoma mara tatu, akaikunja, akampa Raymundi. "Peleka. Na ukishaipeleka, usikimbie."

Kapteni wa Q alikuwa mnene, mwekundu, na makarani walimwita Bwana Magunia asipokuwapo. Aliisoma karatasi. Akaigeuza nyuma, kana kwamba barua yenyewe ingekuwa huko. Kisha akainuka, akampita Raymundi mlangoni, akavuka ushoroba kwa miguu yake mwenyewe na kuingia G bila kupiga hodi. Katika miezi mitatu Raymundi hakuwahi kuona afisa akivuka ushoroba ule. Walikuwa na kengele, walikuwa na yeye.

Sauti zilipanda nyuma ya mlango. Zilikuwa za Kiingereza, lakini hazikuhitaji mkalimani. Makuruta mia tatu na arobaini kutoka upande wa Kigoma na Kasulu, ambao Q aliwatazamia Jumatatu ijayo, walikuwa wamepandishwa treni mapema. Wangefika Tabora kesho asubuhi saa mbili. Mahindi yao yalikuwa Sikonge, malori yalikuwa matopeni, na boharini palikuwa na unga wa kutosha watu themanini.

Mchana ule Raymundi aliona jinsi vyumba vitatu vinavyofanya kazi milango ikiwa wazi. Afisa wa A alitoka na orodha mkononi, akisema wangapi ni wagonjwa na lazima wapate uji, si chakula kigumu. Afisa wa G alisema hawezi kurudisha treni nyuma. Bwana Magunia alisimama katikati ya ushoroba akihesabu kwa vidole: unga, maharage, kuni, masufuria. Masufuria ndiyo yaliyomshinda. Ya kambi yalikuwa yametangulia na kikosi kingine wiki iliyopita.

"Afande," Raymundi alisema. Eustace alifumba macho. "Mjini yupo mzee Mfaume bin Lukumani. Ana masufuria ya shughuli. Harusi za mji mzima anapika yeye. Na sokoni, kama unga hautoshi, kuna magunia ya michembe."

"Michembe ni nini?"

"Viazi vitamu, afande. Vimekatwa vikakaushwa juani. Ukivichemsha na maharage, mtu anashiba mpaka kesho."

Bwana Magunia alimtazama kama mtu anayeona kiti kikisema. "Nionyeshe," alisema.

Walikwenda kwa gari dogo la Kanali mwenyewe. Mzee Mfaume walimkuta barazani kwake, kofia ya kitani kichwani, akigonga kiraka cha shaba kwenye sufuria iliyotoboka. Babu yake alitokea pwani enzi za misafara, na yeye hakuwahi kuondoka Tabora.

"Shikamoo, mzee Mfaume."

"Marahaba, Raymundi. Umeniletea mgeni." Hakusimama, lakini aliweka nyundo chini, na kwake hiyo ilikuwa heshima.

"Jeshi linaomba masufuria, mzee. Watu mia tatu na arobaini, kesho saa mbili asubuhi."

Mzee Mfaume alifikiri. "Nani anaoa?" aliuliza, na alipoona hakuna anayecheka, akasema, "Ninayo tisa makubwa. Lakini masufuria yangu hayaendi bila wapishi wangu. Nikiwapa askari watayaunguza. Na kuni ziletwe leo kabla ya magharibi, mvua isije ikazilowesha."

Bwana Magunia, aliyekuwa akijua Kiswahili cha amri tu, alielewa kila neno. Alitoa mkono. Mzee Mfaume aliufuta wake kwenye kikoi kwanza.

Alhamisi asubuhi mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha. Treni iliingia ikiwa imechelewa robo saa, na katika kiwanja nyuma ya stesheni moshi wa meko tisa ulikuwa umesimama chini ya turubai. Wapishi wa mzee Mfaume walikuwa wakikoroga kwa miiko mirefu kama makasia, wanawake wa sokoni wakimimina michembe, na Tekla akiwa miongoni mwao, maana Raymundi alimwambia tu, "Kesho kuna kazi stesheni," naye hakuuliza chochote.

Raymundi alikuwa ametumwa na bahasha kwa stesheni masta. Alibaki kutazama. Walishuka vijana wa Kiha, wengi hawana viatu, blanketi moja kwa watu wawili, wamekunja mikono kwapani kwa baridi. Walisimama pale wanapoambiwa wasimame. Mpaka siku ile walikuwa, kwake yeye, mstari mwekundu pembeni mwa bahasha. Mmoja, mrefu, ana alama ya ndui usoni, alimsogelea na kumuuliza kwa Kiswahili cha kubabaika, "Baba, hapa ndipo vitani?"

"Hapana," Raymundi alisema. "Hapa ni Tabora. Hapa mnakula kwanza."

Yule kijana alikitazama chakula, akamtazama Raymundi, akaenda kusimama kwenye foleni. Raymundi akageuka upande wa ukuta, akafuta uso wake kwa mkono wa koti. Mvua, aliwaambia waliomwona, lakini mvua ilikuwa ya manyunyu tu.

Jumamosi alifuatwa. Aliitwa chumba kidogo ndani ya G, ambacho hakuwahi kuingia, mlango ndani ya mlango. Aliyemo alikuwa Kapteni wa upelelezi, mtu mtulivu mwenye miwani, ambaye kabla ya vita alikuwa bwana shamba na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha makarani wengi. Mezani palikuwa na karatasi tupu na penseli.

"Keti, Mahona. Watu mia tatu walikula kwa sababu yako. Hilo najua. Ninachotaka kujua ni umejuaje."

Raymundi alieleza. Kapteni akamsogezea penseli. "Nichoree."

Alichora: ushoroba, milango, benchi. Akachora mistari kutoka mlango hadi mlango, kutoka Q hadi stesheni, kutoka A hadi kwa daktari, na juu ya kila mstari akaandika siku. Alipomaliza, mwenyewe alishangaa jinsi ilivyokuwa nzuri. Kapteni aliifuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja, na Raymundi akaona kwamba mtu huyu haogopi kwa hasira, anaogopa kwa kustaajabu.

"Unajua hii ni nini?" alisema mwisho. "Sisi tunafunga kila bahasha kwa lakiri. Tunaweka mlinzi. Na wewe umekaa kwenye benchi ukachora mienendo ya askari wetu kwa miguu yako. Kama adui angekuwa na mtu mmoja kama wewe katika ushoroba huu, asingehitaji kusoma neno."

Raymundi aliweka penseli chini. "Nitafungwa, afande?"

"Umemwambia nani?"

"Karani mkuu, jambo lile la Q. Hii nyingine, hakuna. Hata bibi yangu sikumwambia."

"Kwa nini bibi yako?"

"Kwa sababu yeye angeelewa."

Kapteni alicheka kidogo, akaondoa miwani, akaifuta. Raymundi akaona mlango umefunguka kwa ufa, na kwa kuwa alikuwa yeye, akaingiza mguu. "Afande, kama nitafungwa au sitafungwa, naomba niulize moja. Kwa nini mlivigawa? Kwa nini asiwepo bwana mmoja anayejua yote?"

"Kwa sababu huyo bwana atajidanganya," alisema Kapteni. "Mimi nikipanga safari na unga nikauhesabu mimi, nikiwa na hamu ya kwenda nitasema unga unatosha. Ndiyo maana yupo mtu ambaye kazi yake ni kuniambia hautoshi. Na yupo wa tatu kutuambia sote wawili kwamba watu wamechoka. Kanali hakutuweka tupatane. Ametuweka tugombane mbele yake, kisha anaamua." Alirudisha miwani. "Lakini ugomvi unataka wote wawe wamesikia. Jumanne mmoja wetu hakusikia. Hilo ndilo kosa, na lilikuwa la chumba changu."

Aliichukua ile karatasi, akawasha kiberiti, akaichoma juu ya kisahani cha majivu. Raymundi aliitazama ikijikunja. Hakuwa amewahi kuchora kitu kizuri namna ile, na hakuruhusiwa hata kukihesabu kuwa chake.

Hukumu ilikuja Jumatatu. Hakufungwa. Hakupandishwa cheo pia. Aliondolewa kwenye benchi. Matarishi wawili wapya waliletwa, wakiambiwa wabadilishane njia kila siku bila mpango. Na katikati ya ushoroba, palipokuwa stoo ya mafagio, pakafunguliwa masjala: dirisha moja ambalo kila bahasha ilipita, ikaandikwa namba, na kando ya namba orodha ya wote wanaopaswa kupata nakala. Hakuna barua ya safari iliyoruhusiwa kupita dirisha lile mpaka vyumba vyote vitatu viwe vimewekewa alama. Nyuma ya dirisha aliwekwa Raymundi.

Eustace alimpa pongezi kwa mkono mkavu. Kwa mwezi mzima hakuzungumza naye zaidi ya kazi, na Raymundi alielewa: yule mtu alikuwa ameandika karatasi ile akijua inaweza kumfunga, na hakuna aliyemwita chumbani kumuuliza jinsi alivyojua kuiandika bila kumchoma mtu. Raymundi alipopata nafasi alimwambia Bwana Magunia hilo, wazi, mbele ya makarani. Wiki ile Eustace aliletewa kiti chenye mgongo. Alikaa juu yake siku tatu kabla ya kusema asante, na aliposema aliisema kwa Kihaya, ili isimgharimu sana.

Kukaa dirishani kulimtesa Raymundi kuliko alivyotarajia. Alikuwa na namba zote, orodha zote, lakini miguu yake ilikuwa imekufa, na bila miguu hakusikia tena kitu. Karatasi zilipita mbele yake kama watu wanaopita barabarani bila kusalimia. Alivumilia mwaka mmoja. Kisha akamwendea Bwana Magunia, akasimama kwa adabu, akasema kwamba amejua barua zinavyoanza, lakini hajui zinavyoishia.

"Unataka nini, Mahona?"

"Nione upande wa pili, afande. Nipelekwe barua inakopelekwa."

Bwana Magunia alikuwa amekwisha mzoea. Alimwandikia hati ya kusafiri na koplo wa Q, kwenda Kaliua kukagua kituo kidogo cha kupumzishia askari wanaopita. Ilikuwa safari ya kwanza ya Raymundi kwenda magharibi ya Tabora. Tekla alimfungia kuku na chapati, akamwambia, "Baba Josepha, huko usiwachoshe watu," akijua anasema bure.

Kutwa nzima alikaa dirishani mwa behewa. Pori la miombo lilipita, mizinga ya nyuki ikining'inia kwenye miti, mwanamume mmoja juu ya baiskeli aliyesimama kupisha treni na kuinua kofia. Koplo alilala. Walipofika kistesheni kimoja kidogo, treni ilipunguza mwendo bila kusimama, na Raymundi akamwona stesheni masta amesimama ukingoni akiinua juu kitanzi kikubwa cha fito, kimefungiwa mfuko mdogo wa ngozi. Mtu wa injini alinyosha mkono, akakidaka kitanzi hicho treni ikiwa inakwenda, na papo hapo akatupa kingine chini.

Raymundi alitoa kichwa chote nje. Kitanzi kilichotupwa kilikuwa kikibingirika kwenye kokoto, na stesheni masta akikifuata mbio, kofia mkononi. Akamwamsha koplo.

"Koplo, wamepeana nini pale?"

"Sijui," alisema koplo, macho mekundu. "Kila stesheni wanafanya hivyo; wanasema bila kitanzi treni haiendi. Lala."

Lakini Raymundi alikuwa tayari amesimama, akishikilia mabenchi huku na huku kwa mtikisiko wa behewa, akielekea nyuma kwa gadi wa treni kumuuliza.